Baba, Uliyening'olea Kahawa Nipate Uwanja

Shikamoo Baba,

Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila salamu. Ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyokuwa unafanya. Leo ni Jumapili, tumetoka ibadani, tumekula, nimekaa kwenye ngazi za jikoni naandika kwa simu.

Barua hii naiandika wazi, yeyote aisome. Mambo yetu yameshasemwa sana. Kanisani yamesemwa, kwenye pombe ya mbege yamesemwa, hadi Bomang'ombe sokoni mama mmoja anayeuza nyanya kaniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Wewe ndiye yule mrefu, ambaye mama yake alimkatalia mumewe kaburi kwa ajili ya mpira?" Nikalipa nyanya nikaondoka. Basi leo najibu, na nakuambia wewe kwanza, kwa sababu yote hayo yalisemwa wewe haupo.

Halafu kuna habari yenyewe. Nimeitwa timu ya taifa, Baba. Ya kikapu. Kuna mashindano ya nchi za Afrika yanakuja, kambi inaanza Dar wiki hii, na jina langu limo. Hiyo sentensi nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Kila nikiisoma naona kama inamhusu mtu mwingine.

Unakumbuka ilivyoanza? Huku mlimani nani alikuwa anajua kikapu. Mimi nilikiona kwenye simu ya kaka Amini, kabla hajahamia Mwanza, klipu fupi tu, mtu anaruka kama vile hana haraka ya kushuka. Nikachanganyikiwa. Nikawa natupa soksi kwenye ndoo ya kukamulia mpaka Mama akaficha ndoo. Bando la Amini nikawa nalimaliza usiku na mchana, naangalia jinsi wanavyoshika mpira, jinsi vidole vinavyomalizia, halafu nakwenda kujaribu na chungwa. Wewe ulikuwa unapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, unaniangalia, unapita. Siku moja ukautua mzigo ukaniuliza, "Hicho kitu kinahitaji nini hasa?"

Nikakuambia kinahitaji mahali tambarare.

Ulicheka hadi ukakaa chini. Kuomba tambarare Machame ni sawa na mtu wa Dar kuomba mlima. Kihamba chetu, shamba lote la nyumbani, kimeinama, migomba imeinama, hata kuku wetu wanatembea wameegemea upande. Lakini baada ya mavuno ukachukua jembe, ukaanza kung'oa mistari ya kahawa ya upande wa chini, karibu na kaburi la Babu. Kaka yako, Baba Mkubwa, akaja akasimama mpakani mwa kihamba chake na chetu, mikono nyuma.

"Sasa unang'oa kahawa, unapanda mpira?"

Hukuinua hata kichwa. "Kahawa niliipanda mwenyewe, kaka. Na mtoto nilimzaa mwenyewe."

Akaondoka anatikisa kichwa. Nilimwona mabega yanacheza, alikuwa anacheka.

Tulichimba wote wawili, tukasawazisha, tukashindilia. Ringi ulichomelea kwa nondo kwa yule fundi wa barabarani, mbao ukatoa kwenye hori la zamani. Nikakusomea kwenye simu urefu wanaotaka, ukapima kuanzia pale nguzo ilipoingia ardhini, ukasema sawa, tumemaliza. Kwa macho yetu uwanja ulikuwa umenyooka kabisa. Macho ya watu wa Machame. Nguzo ilikuwa juu, mimi narushia kutoka chini, na kati ya juu na chini palikuwa na mteremko ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeuona, maana tumezaliwa juu yake. Nikakua narushia ringi ambayo imezidi urefu ringi za nchi nyingine zote duniani.

Nilipokwenda mara ya kwanza kwenye ule uwanja wa saruji wa Soweto, Moshi mjini, unakumbuka nilirudi nimenuna. Kila mpira ulipita juu ya ubao ukaangukia kwa watu. Kocha akaniuliza mbele ya wenzangu, "Kijana, wewe unalenga ringi au unalenga kilele cha Kibo?" Nikakusimulia, ukachukua kamba na maji kwenye bakuli, ukaenda kupima uwanja wetu upya. Ukarudi ukasema, "Nimekufundisha vibaya." Hukunifundisha chochote Baba, wewe hata mpira hukuwahi kuurusha. Na ule mpira wangu unaopanda juu sana kabla haujashuka ndio huo huo mabeki wanashindwa kuufikia. Kocha aliacha kucheka siku nyingi.

Kazi yako wewe ilikuwa kusimama chini. Mpira ukikosa unateremka, ukivuka migomba unaingia kwenye mfereji, ukiingia kwenye mfereji basi tena, unakwenda nao mpaka kwa watu. Kwa hiyo ulikuwa unakaa pale chini na koti lako la kijani, jioni baada ya kukamua, unauzuia kwa gumboti na kunirudishia. Nilikuambia ujaribu kurusha, hata mara moja. "Mimi beki," ukasema. Miaka yote hiyo, beki.

Wiki ile baada ya mazishi nilienda kurusha. Niliukosa wa kwanza, nikabaki nimesimama nauangalia unateremka, nasubiri urudi. Ulishavuka migomba ndipo nikaelewa kwamba natakiwa kukimbia mwenyewe.

Sasa niseme hayo mazishi, kwa sababu ndiyo watu wanayapindisha. Ulianguka zizini asubuhi, na jioni watu walishajaa. Baba Mkubwa kama mkubwa wa ukoo akaonyesha pa kuchimba, pembeni ya Babu, yaani katikati ya uwanja. Alisema pale pamenyooka, jeneza litakaa vizuri, na wewe ulale karibu na baba yako. Hakusema kwa ubaya. Vijana walishashika sururu. Mimi sikufungua mdomo, nakuapia, uwanja sikuukumbuka hata kidogo. Ni Mama aliyetoka ndani, kanga kichwani, akasimama pale akasema, "Hapa aling'oa kahawa kwa mkono wake ili mtoto apate mahali. Msimlaze juu ya kazi yake. Mlazeni juu, penye kahawa iliyobaki."

Mwanamke kumpinga mkubwa wa ukoo mbele ya sururu, huku kwetu hicho kitu hakipo. Baba Mkubwa akasema tu, "Haya," akawaonyesha vijana juu. Ukalazwa juu. Na yeye baada ya ibada akavuka mpaka, na mguu wake haukurudi kwetu tena. Krismasi hakuja. Tukikutana njiani anaitikia shikamoo yangu na kupita.

Basi kocha alivyonipigia simu kuhusu kambi, nilipiga kelele hadi ng'ombe akavuta kamba. Halafu nikakaa chini pale pale. Unajua kwa nini. Amini yuko Mwanza, dada Ndeshi ameolewa Tarakea, na kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki. Nyumba ni yake, wazazi ni wake, makaburi ni yake. Mama magoti yamemchosha, hawezi kubeba majani kutoka bondeni. Na ng'ombe ana mimba. Ningemwachia nani? Jirani wa kumwomba ni mmoja tu, na huyo ndiye hatuongei naye.

Nilishamwandikia kocha ujumbe kwamba siji. Nilikuwa sijautuma bado. Mama aliuliza nina nini, nikamwambia, maana uso wangu unaujua hauwezi kuficha. Akaendelea kumenya ndizi. "Usitume," akasema.

Jana Jumamosi asubuhi akapanda hadi kwenye kaburi lako, akakata jani la isale, lile tulilopanda kichwani kwako. Akalifunga fundo. Akajifunga kanga safi, akaniambia nimfuate. Nilijua anakokwenda, kwa sababu kwetu jani hilo likishafungwa fundo na kupelekwa mkononi mwa mtu, hata awe amekosewa vipi hawezi kulirudisha. Lakini anayelipeleka ndiye anayekuwa amekubali kwamba amekosa. Na Mama hakukosa, Baba. Mimi najua na wewe unajua.

Baba Mkubwa alikuwa anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe wake. Alipoliona lile jani akaweka panga chini taratibu.

"Shemeji," Mama akasema, amelishika kwa mikono miwili, "nimekuja."

"Mama Amini. Ungemtuma hata mtoto."

"Mtoto ndiye nimemleta."

Akajifuta mikono kwenye suruali, akalipokea. Mimi nilitazama chini, sikuweza kuwaangalia. Nilisubiri aseme neno zito, la msamaha, au la kulaumu. Akageuka kwa Mama akauliza, "Huyo ng'ombe mimba yake ina miezi mingapi?"

"Saba."

"Basi muda si mrefu uache kumkamua. Na hayo majani ya bondeni yamelowa sana siku hizi, yatamharibu tumbo. Nitamletea ya kwangu."

Hivyo tu. Nikajikuta nalia kama mtoto, mtu mzima, mrefu wa kugusa ringi. Ndipo akanigeukia.

"Na wewe mrefu. Hao wa Dar wanachukua wangapi?"

"Tumeitwa wengi, Baba Mkubwa. Watakata wabaki kumi na wawili."

"Wakikukata?"

"Nitarudi nyumbani."

"Wakikuchukua?"

Sikujua anataka jibu gani.

"Utarudi vilevile," akasema. "Mtu harudi nyumbani kwa sababu ya kushindwa tu."

Leo baada ya ibada amekuja kula kwetu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kabla ya kuingia ndani alipita kwenye uwanja, akatembea kutoka nguzo mpaka migombani, akasimama, akarudi tena anahesabu hatua kimoyomoyo. Akamwambia Mama, kwa sauti ambayo alitaka na mimi niisikie, "Hapa kweli pasingefaa. Pameinama hapa. Jeneza lingekaa upande." Mama akamwambia, "Ndiyo, shemeji, pameinama." Hakucheka hata kidogo. Wewe ungeshindwa kujizuia.

Naogopa, Baba. Huko nitakutana na watu waliofundishwa tangu wadogo, wenye viatu vya maana, wengine wametoka vyuo vya nje. Mimi nimefundishwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikipita kwenye mchujo kuna nchi zitakuja na majitu ambayo mimi mbele yao ni mfupi. Sijui kama nitavaa ile jezi. Nikiivaa, wakipiga wimbo wa taifa, sijui kama nitasimama wima bila kuutafuta uso wako kati ya watu, hata kama najua haupo.

Kesho asubuhi tutapanda kwako kukuaga kabla sijashuka kupanda basi. Baba Mkubwa ndiye atakayesema, ndio utaratibu. Mimi nitavua kofia na kunyamaza, na nadhani hata ningeambiwa niseme nisingeweza. Kwa hiyo ya kwangu nimeyasema hapa, mbele ya kila mtu, na yule mama wa nyanya akiyaona ayasome vizuri. Mama yangu hakumkatalia mtu kaburi.

Nakuacha hapa, chaji inakata. Mama usiwe na wasiwasi naye. Yuko kibarazani na Baba Mkubwa, chai yao imeshapoa. Wanaongea.

Mwanao wa mwisho.