Samaki wa Hassani na Huseni

Jumatatu, 4 Agosti
Magamba tena. Tangu asubuhi nakata karatasi za peremende, za dhahabu peke yake, na vidole vinanuka uji wa muhogo ninaoutumia kama gundi. Mifupa iko tayari: vijiti vya mwanzi, urefu wa dhiraa. Samaki huyu atakaa katikati ya meza Jumamosi, watoto wa jirani yetu Mama Hassani watakapotimiza miaka mitano. Ukivuta uzi chini ya mkia, kinywa kitafunguka na peremende zitamwagika. Mji wetu wa Kasongo haujaona kitu cha namna hii. Nasema hivyo bila unyenyekevu.

Dada Mariamu alipita na ndoo. "Lisansie wetu! Masomo yote ile, na leo iko navalisha samaki!"

Lisansie ni mwenye digrii. Nina shahada ya usimamizi na sina ofisi.

Jumanne, 5 Agosti
Baba ametoa sharti. Samaki akipendwa na akina mama wakaagiza wengine, nitabaki nifungue kazi yangu ya mapambo. La sivyo, Jumatano ya wiki ijayo nitapanda pikipiki ya mjomba kwenda Salamabila, nikae dukani mwake. Mjomba ni mtu mwema. Sitaki. Sitaki kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti
Amekamilika. Nilimtazama hadi nikajionea haya.

Mama Hassani alikuja kumwona. Alivuta uzi, akacheka kama mtoto, akavuta tena. Kisha akachungulia chini ya meza na nyuma ya mlango.

"Na wa pili iko wapi?"

Nami nikachungulia, kama mjinga.

Hassani na Huseni ni mapacha. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa. Najua kwamba pacha hapewi kitu mpaka mwenzake apewe kilicho sawa nacho, asije mmoja akaugua. Nguo mbili. Sahani mbili. Nilijua, na nilisahau. Niliwafikiria wageni watakaostaajabu, watoto sikuwafikiria.

"Huyu ni ya Hassani," aliniambia, bila hasira. "Huseni utamupatia nini, baba? Mkia?"

Wawili, au ataweka maua ya plastiki.

Ijumaa, 8 Agosti
Karatasi za dhahabu zimekwisha sokoni. Nyekundu zipo, lakini wa dhahabu na mwekundu hawawezi kuwa sawa, na wawili wakubwa wapya hawakamiliki kwa usiku mmoja.

Njia ilibaki moja, nami niliichukia. Nilimlowesha samaki wangu kwa maji ya vuguvugu na kumbandua gamba baada ya gamba. Nilikaribia kulia. Mariamu alikuja kucheka, akaona, akavuta kigoda.

"Leta hapa, lisansie. Utachana yote."

Tuliikata mifupa katikati. Magamba yaliyochanika tuliyatupa, yaliyobaki tuliyagawa. Amefunika mmoja, nimefunika mwingine. Hawazidi shibiri. Uzuri wote niliokuwa nimeujenga umekwenda.

Jumamosi, 9 Agosti
Meza ilikuwa ndefu, na samaki wangu walionekana kama dagaa. Wageni waliwatazama, wakaendelea na mazungumzo. Baba alikuwepo. Mjomba pia. Nilianza kufikiria nguo za kufungasha.

Watoto wakaketi. Hassani akavuta uzi, kinywa kikafunguka. Huseni akavuta, kinywa kikafunguka. Kisha Huseni akamsogeza wake mpaka kwa wa nduguye, kinywa kwa kinywa, akapitisha peremende. Samaki wa Hassani akaipokea, akairudisha. Wakawa wanalishana.

"Mapasa ya kweli!" mwanamke mmoja alipiga kelele. Vigelegele vikafuata. Wageni walisimama ili waone. Mjomba aliomba kujaribu, akakatazwa na wenye samaki.

Akina mama watatu wameniagiza. Samaki mkubwa asingeweza kufanya vile. Hilo sikulibuni mimi, na nimefurahi hata hivyo.

Jumatano, 13 Agosti
Pikipiki ya mjomba imeondoka asubuhi. Baba amenipa meza yake nifanyie kazi hapo.

Mahali ambapo ningekaa, nyuma ya mjomba, nilifunga kikapu kwa ukanda wa mpira. Ndani mna samaki wekundu, zawadi ya binti yake. Binti ni mmoja, lakini nimetengeneza wawili. Samaki mmoja atamlisha nani?