Chupa Nne za Maji

Msimbu, Kisarawe
1 Desemba 2024

Shangazi Sikudhani,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na kikohozi cha baba kimepungua. Sijui wewe na magoti yako. Naandika barua kwa sababu simu ya nyumbani ni ya baba, na kila ujumbe anausoma kwa sauti. Dada Hamisa, anayepeleka mihogo sokoni Kibaha, atakuletea.

Nashukuru kwa kunialika bustani ya mjini Jumamosi, nipumzike baada ya mtihani wa kidato cha nne. Huku ni vumbi tupu. Huko hali ya hewa ikoje? Nije na mwamvuli?

Hamisa anasema umeagiza nivae gauni la Idi, na tukifika utanituma chupa nne za maji. Shangazi, sisi tuko wawili. Dada Zuwena wa jirani naye alitumwa maji harusini, kumbe kuna wageni wanamtazama anavyotembea. Mwezi haukuisha, posa ikaletwa. Mimi nataka kidato cha tano.

Mwanao,
Firdausi

Kibaha
6 Desemba

Mwanangu Firdausi,

Marahaba. Magoti yapo, yananikumbusha umri. Kesho usije. Mvua imenyesha siku tatu, bustani yote tope, mabenchi yamelowa. Tuseme tarehe 14.

Na nani kakufundisha kuhesabu maji ya watu? Joto likizidi, mimi peke yangu nakunywa chupa tatu. Baba yako mwambie unakuja kunisaidia kufua mapazia. Ya bustani yaache.

Shangazi yako

Msimbu
10 Desemba

Shikamoo shangazi. Natumaini mapazia nayo hayajambo.

Hamisa alikuwa huko Ijumaa hiyohiyo, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilipomuuliza habari za mvua, alicheka. "Labda imenyesha chumbani kwa shangazi yako."

Sikuiti mwongo, sikulelewa hivyo. Lakini mvua ya uongo na mapazia ya uongo, vyote kwa ajili ya matembezi? Kama kuna watu wa kunitazama, niambie tu.

Mwanao

Kibaha
16 Desemba

Marahaba. Jumamosi nayo mawingu yalikuwa mabaya, ndiyo maana nilimpigia Hamisa asije nawe. Njoo tarehe 21, hata ikinyesha. Gauni lipige pasi. Hakuna posa. Zaidi ya hapo usiniulize.

Shangazi yako

Kibaha
24 Desemba

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Jumamosi ulikuja bustanini na viatu vya shule vilivyotoboka, kanga ya shambani, mkaa shavuni, na mguu unauburuta toka getini kana kwamba umevunjika. Mimi nilijua mara moja unafanya nini. Mwenzangu niliyekaa naye benchini hakujua. Ukaweka maji chini bila kumtazama wala kumwamkia, ukaenda kukaa peke yako kwenye bembea.

Yule ni Mwanamkuu, mama yako mzazi. Tangu aachane na baba yako, ukiwa na miaka mitatu, jina lake halitajwi kwenu. Mtoto aliyekuwa naye ni mdogo wako. Mara mbili alipanga kuja, mara mbili akanipigia kuwa moyo umekataa. Sikuwa na neno jingine la kukwambia ila mvua. Alitaka akuone kwanza, ndipo ajitaje.

Alichokiona ni mtoto kilema asiye na mtu. Amerudi Mlandizi analia, anasema nilimdanganya kwamba unalelewa vizuri. Simu zangu hapokei.

Leo inanyesha kweli.

Shangazi yako

Msimbu
26 Desemba

Mama Mwanamkuu,

Shikamoo. Natumaini wewe na mdogo wangu hamjambo. Shangazi ameahidi kukufikishia barua hii mkononi.

Mguu wangu ni mzima. Viatu vizuri ninavyo, na baba ananilea vizuri. Nilidhani wewe ni mama wa mtu anayetaka kunioa, nikataka unikatae. Nisamehe. Uso wako siujui bado, kwa sababu niliinama. Niliona miguu tu, ina hina.

Huku mvua imeanza na haitaisha leo wala kesho. Jumamosi ya tarehe 4 Januari nitakuja hata ikinyesha, na nitamwambia baba ninakokwenda. Kaeni benchi lilelile. Nitatembea taratibu kutoka getini, unitazame mpaka utosheke. Maji nitanunua mimi, chupa nne.

Mwanao,
Firdausi