Damu Kwenye Lango la Mfereji

Ba Tri, Ben Tre
9 Machi 2020

Mpendwa Dada Thoa,

Shikamoo. Hamjambo nyote huko milimani? Kahawa imechanua? Mimi ni mzima. Mama anakohoa kidogo, lakini anakula.

Najua umeshasikia kwamba kaka yetu Khai amelazwa. Bora uyasikie kwangu, maana ni mimi niliyempiga.

Mvua zilikatika mapema, mto ukapungua, bahari ikaupanda. Mume wangu Thuan ndiye anayepima chumvi kwenye lango la mfereji kila asubuhi na kupeleka habari kwenye mtambo wa maji. Chumvi ilipozidi wakamwamuru afunge lango, maji ya bahari yasiingie. Mfereji wetu ndio maji matamu pekee yaliyobakia mji mzima, hospitali ikiwemo.

Lakini bwawa la Khai la kufugia kamba lilikuwa linakauka, kamba wake wanakufa. Yeye aliyataka maji hayo hayo ya chumvi.

Jumamosi asubuhi alikuja na wenzake, wana mapanga na mtaimbo. Thuan akaling'ang'ania gurudumu la lango.

"Shemeji, toka hapo."

"Nikitoka, mji utakunywa bahari."

"Na wainywe! Mimi nile nini, vipimo vyako?"

Akamkata. Vidole viwili vya Thuan vilianguka majini, Dada, niliviona kwa macho yangu. Hakuachia, alishika kwa mkono uliobaki. Khai akainua panga tena. Nilikuwa nimempelekea mume wangu uji. Nikauacha, nikanyakua kafi mtumbwini, nikampiga kaka yetu kichwani. Alianguka. Nikampiga tena, huku nikilia na kumwita kwa jina. Wenzake walitoka mbio.

Lango halikufunguka. Khai yu hai, ila jicho la kushoto limeharibika kabisa. Polisi wanangoja apone.

Mama hataki kuniona. Ameniambia neno moja tu: "Ungempiga miguu." Tafadhali mwandikie wewe, wewe anakusikiliza.

Kwa Khai bomba halitoi kitu, kwa hiyo mkewe huja kuteka kwangu. Hatusemeshani. Namjazia ndoo zake, namsaidia kuinua mzega begani, anaondoka.

Nisalimie shemeji Loc, na umbusu mtoto Vy. Wazee wetu waliotangulia wawalinde, na mbingu ifunguke kwenu na kwetu.

Mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Diep