Adapta ya Mama Mkwe na Waya wa Mita Mbili

Mshauri mpendwa, msaada wako nauomba kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo nafanyiwa majaribio ya kazi, na kazi yenyewe ni ukalimani wa lugha ya alama kwa video, yaani daktari anakaa kliniki na mgonjwa kiziwi, mimi naonekana kwenye skrini yao, mgonjwa anaongea kwa mikono na mimi nampa daktari maneno, sasa picha ikiganda hata kidogo mkono unabaki hewani na daktari hajui kama mgonjwa kasema kifua kinamuuma au kimeacha kumuuma, na wameshaniambia wazi, picha ikiganda Jumatatu watachukua mtu mwingine.

Shida ilianza laptopu yangu ilipoacha kushika waifai. Fundi akaifungua, akasema kifaa cha ndani kimekufa, nitafute adapta ya USB ya kuchomeka pembeni. Nikalisema hilo mezani tukila, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akaweka kijiko chini akasema, "Hilo niachie mimi, mwanangu." Mshauri, fadhila za huyu mama sizimalizi kuzisema. Ni fundi cherehani aliyestaafu, na miaka miwili yote niliyosomea lugha ya alama yeye ndiye aliyewaogesha wanangu, akawalisha, akawalaza, na hakuna hata siku moja aliyonifanya nijione mzigo, kwa hiyo aliporudi na kiboksi amekifunga kwa kipande cha kitambaa nililia mbele yake kama mtoto.

Ndani sasa! Adapta ya waya. Haina antena, haikamati waifai, ina tundu la mraba la kuchomeka waya wa mtandao, na waya wenyewe aliouleta ni wa mita mbili tu, wakati ruta, kile kisanduku cha kusambaza waifai, iko chumbani kwake na chumba changu kiko mwisho wa korido, kuta mbili katikati, yaani waya ule hautoki hata mlangoni kwake. Nikajua maskini mama wa watu kakosea, au muuzaji kamsukumia kilichokuwepo dukani. Lakini aliponiuliza, "Kinafaa?" mdomo ukanitangulia, "Kinafaa sana mama, Mungu akuzidishie." Nikakichomeka kwenye laptopu ili akipita akione, waya nikautupa kwenye droo, nikawa natumia mtandao wa simu, na ndio huo unaogandisha picha.

Siku ya pili akachungulia chumbani kwangu. "Mbona taa yake haiwaki?" Nikasema, "Hizi za kisasa haziwaki, mama." Akasema, "Ahaa," akaenda zake, na hajauliza tena. Nahisi ameshanigundua, maana amepoa, anakula kimya. Na kuna jambo jingine dogo, sijui kama lina maana: wiki ile ya kiboksi alikuwa ameiondoa cherehani yake kwenye meza ya dirishani chumbani kwake, nikadhani mgongo unamsumbua, hataki tena kushona, lakini juzi nimemkuta ameirudisha peke yake, jasho linamtoka, nikamwambia, "Mama, si ungeniita?" akajibu, "Meza imekaa bure tu, mwanangu."

Nisaidie. Ninunue adapta ipi ya waifai, ile ndogo kama ukucha ambayo hataiona, au ile yenye antena inayovuta mbali lakini ataiona? Na nifanyeje asiumie? Naandika haya taa ikiwaka mchana, maana chumba changu kina kidirisha cha kutazamana na ukuta wa jirani. Usinitukane sana.

Ni mimi, Mkwe Mwongo

*

Mkwe Mwongo,

Jina umejichagulia mwenyewe, kwa hiyo kukutukana sikutukani. Nitakugombeza tu.

Nianze na ulichouliza. Barua yako nilimsomea fundi wetu wa kompyuta hapa ofisini. Ile ya ukucha, kasema, haina ubavu wa kuvuka kuta mbili, isahau. Yenye antena ingevuka, ila picha ingesitasita pale wanao wakiwasha katuni sebuleni. Kwa video isiyotakiwa kuganda, chagua ya waya. Kisha akacheka: "Huyo mama mkwe kamshinda akili." Kwa hiyo usinunue chochote. Adapta inayoifaa kazi yako unayo tayari, umeichomeka kama pambo.

Unalalamika kwamba waya hautoki chumbani kwa mama. Mwanangu, nani kakwambia ulikusudiwa utoke? Soma tena barua yako. Ruta iko chumbani kwake, na meza ya dirishani ni ya kwake, na wiki ileile aliyoleta kiboksi akaiondoa cherehani mezani. Huyu ni fundi, amefanya kazi ya mikono maisha yake yote na anajua mikono inataka mwanga, na anakuona unavyowasha taa mchana. Alikuwa anakupa meza yake na dirisha lake. Hakusema, kwa sababu wapo watu ambao wema wao wanaona haya kuutangaza, na wewe umeishi naye vya kutosha kulijua hilo.

Halafu ukamwambia kinafaa sana, ukabaki chumbani kwako. Unadhani amekugundua? Laiti angekugundua! Amekuamini. Ameamini kwamba kumbe kinashika mtandao hukohuko kwako hata bila waya, na chumba chake hukukitaka, ndiyo maana akanyamaza. Hapo nilikukasirikia kwelikweli. Hasira imeniisha kwa sababu unampenda na barua nzima inasema hivyo, ila shukrani yako yote umeimalizia katika kumficha, na swali moja dogo hukumwuliza: "Mama, ulifikiria nikae wapi?"

Sasa sikiliza. Leo hii utoe waya kwenye droo. Ncha moja kwenye ruta, nyingine kwenye adapta, na kama laptopu ina tundu la USB lenye rangi ya buluu ndani, tumia hilo, ndilo la kasi. Laptopu nyingi huitambua zenyewe. Yako ikigoma, pakua programu yake kwa mtandao wa simu. Kaa ukilitazama dirisha ili mwanga ukuangukie mikononi. Jumamosi mpigie video rafiki yako yeyote kiziwi, muongee nusu saa nzima. Na siri za wagonjwa ni siri: saa za kazi mama akae sebuleni na mlango ufungwe. Usione haya kumwambia. Mtu aliyewapima wateja miaka yote hiyo anajua kwamba yanayosemwa chumba cha kupimia hayatoki nje.

Uongo wa taa umkirie pia, atacheka. Na taa yenyewe ataiona ikiwaka.

Lakini usiingie kwake na samahani mdomoni. Ingia na asante, kisha kamata cherehani upande mmoja, yeye akamate mwingine. Mara mbili sasa ameibeba peke yake.