Mguu Uliokataa Kwenda Mbele

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wiki ya tatu. Mguu wa kulia bado ni kama wa mtu mwingine. Naukokota kutoka kitandani hadi chooni. Hapa Mwihoko wapangaji wote wa ploti wanajua mlio wa ndara yangu. Kule hotelini Kamakis bosi ashapata weita mwingine. Kiama, tuliyekuwa tukibeba nyama pamoja naye, ndiye aliyeniambia. Ati usijali. Rahisi kusema!

Jumatano, 11 Juni
Picha za kichwa na mgongo zimetoka. Safi. Magdalene, mke wangu, alisoma karatasi mara mbili, akauliza, sasa shida ni gani? Akapanga nguo, akaenda kwa dada yake Thika. Ati apumzike kidogo. Amechoka na mgonjwa asiye na ugonjwa.

Jumapili, 15 Juni
Hakuna aliyepiga simu.

Jumanne, 17 Juni
Kliniki, Thika. Daktari Mwanaharusi, bado kijana. Nililala, akashika kisigino cha kulia. "Sukuma chini." Wapi! "Sasa inua wa kushoto." Nikainua — na ule wa kulia ukasukuma mkono wake kwa nguvu! Wenyewe! Akasema mguu ni mzima, ubongo ni mzima, ila ujumbe unapotea njiani.
"Kwa hivyo sijifanyi?"
"Hujifanyi."
Nililia pale pale. Mtu mzima. Aliuliza kama kuna jambo limenipata. Nikasema tulizika baba Aprili. Akasema pengine ni hilo, pengine si lolote. Kisha, tembea kinyumenyume. Nikatembea — sawasawa kabisa! Nifanye kila siku, mguu ukumbuke.
Nilimpigia Magdalene nikiwa getini. Hakushika.

Jumamosi, 21 Juni
Asubuhi nilikuwa kwa koridoo, nikirudi kinyumenyume. Hatua thelathini bila kushika ukuta! Nikacheka peke yangu. Sikumsikia akiingia. Magdalene, na mfuko wa ndizi.
"Kumbe unatembea."
Ngoja nikueleze, nikasema. Nikageuka, nikaanza kumwendea — mguu ukafa. Akautazama, akanitazama usoni.
"Ephantus, ni mimi unanifanyia hivi?"
Maneno ya daktari yote yakanipotea.
Sasa ameketi nje kwenye ndoo. Hajaingia. Hajaenda. Mimi niko kitandani na kalamu. Hadi mlangoni ni hatua sita. Nikienda mbele, ataona nakokota, aseme naigiza. Nikienda kinyumenyume nitafika vizuri — lakini nitakuwa nimempa mgongo.
Ndoo imekwaruza sakafu. Ameinuka. Naweka kalamu.