Sauti Nyuma ya Sauti ya Mume Wangu

Kyuso, Novemba 1993

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana hapa kwetu sina wa kumwambia, na nikimwambia mtu atasema kiziwi amesikia vibaya, na hilo ndilo linaloniua.

Mimi ni mama wa wavulana watatu. Mwaka wa 1988 nilipata homa ya uti wa mgongo, nikapona lakini masikio yakabaki hospitalini, nikawa naona watu wakifungua midomo tu, miaka minne, mpaka kliniki ya kanisa ilipokuja Mwingi nikapewa mashine ya kusikia, kile kisanduku cha kufunga kifuani chenye waya wa kwenda sikioni. Siku ya kwanza nilisikia kelele tu, kama mabati yakiburutwa. Mwalimu wa kliniki, anaitwa Hasina, akaniambia sikio lililolala linafundishwa upya nyumbani, nusu saa kila siku, bila kutazama mdomo wa msemaji, na sauti bora ya kuanzia ni ile niliyoizoea zamani, basi nikamtaja mume wangu, ambaye ni karani katika shamba la mkonge kule Kibwezi na huja mara mbili kwa mwaka, na mwalimu akampelekea karatasi ya maneno ili ayasome kwenye kaseti, nami nikabaki na nakala.

Alisoma kwa Kikamba, polepole: maji, moto, mbuzi, majina ya watoto wetu Muthama, Ndeti na Mutie, kisha maneno yanayofanana. Nilikuwa naketi jikoni na redio, naizungusha kaseti kwa biro kuirudisha nyuma ili nisimalize betri, miezi saba, na mshauri sikufichi, nilikuwa na furaha, nilihisi kama ananichumbia upya. Kidogo kidogo nikaanza kusikia hata vitu ambavyo hakuvisoma, kiti kikisogezwa, jogoo wa huko Kibwezi. Halafu asubuhi moja, kati ya neno na neno, nikasikia mwanamke kwa mbali akisema, "Baba Mbinya, chai inapoa." Na yeye akajibu, "Naja," si kwa ile sauti ya kusoma, ni ile ya nyumbani, ambayo sijaisikia tangu niugue.

Mimi humwita Baba Muthama. Sisi hatuna Mbinya. Mbinya ni jina la mama mkwe wangu, na kwa desturi yetu Wakamba binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Mimi nilizaa wavulana watupu, na mama huyo alinisimanga miaka mingi kwamba atakufa na jina lake, hata nilipokuwa kiziwi alinisimanga kwa mikono, mpaka mwaka juzi akaacha ghafla, nikadhani amenihurumia, nikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu amelainisha moyo wake.

Mume wangu alipokuja Agosti nilimwuliza. Alicheka, akasema, "Wewe ndio umesikia? Wewe?" Akamwambia mchungaji kwamba hiyo mashine inaniletea sauti za ajabu, na mchungaji akanishauri niivue kwanza tuombe. Rafiki yangu Nthenya, fundi wa kushona, ana masikio mazuri lakini sijampa asikilize, kwa sababu akisikia itakuwa kweli. Mume wangu ameniachia kaseti nyingine ya maneno mapya na sijaifungua. Je, nilisikia vizuri? Na hii mashine niendelee kuivaa, ama nirudi kwenye ukimya wangu, ambako angalau nilikuwa na mume?

Mama Muthama

JIBU

Mama Muthama, barua yako nimeisoma mara mbili na nimekasirika mara mbili, kwanza na mumeo, pili na wewe. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa siri uliyoibeba peke yako hapo jikoni.

Unaniuliza kama ulisikia vizuri. Sikio linalojifunza linaweza kuchanganya pata na bata. Haliwezi kumtunga mwanamke, na chai yake, na jina ambalo halikuwa kwenye karatasi, halafu limtungie na mume wa kumjibu. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Lako, mama, limerekodiwa. Na mama mkwe wako hakulainishwa. Alipata jina lake, akanyamaza, nawe ukasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kazi ya mumeo.

Lakini wewe nawe. Mtu anakucheka kwamba hukusikia, ushahidi uko ndani ya redio yako, na unakaa nao kama yai bovu unaloogopa kulipasua. Unasema katika ukimya ulikuwa na mume. Hukuwa naye. Mbinya hakuzaliwa siku uliyomsikia. Mumeo aliuzoea uziwi wako mpaka akakurekodia maneno katika nyumba ya mwingine bila hata kufunga mlango. Ukiivua hiyo mashine, ule mlango ambao hakuufunga unamfungia wewe mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujabandika sufuria, chukua kaseti ile uvunje vile vimeno viwili vya mgongoni, asije mtu akarekodi kwaya juu yake. Mpe Nthenya aisikilize mchana, usimwambie anatafuta nini, aandike kila anachosikia. Kisha mwite kaka yako na wazee wa ukoo wa mumeo, mama mkwe awepo na mchungaji awepo, washa redio, unyamaze. Yule mwanamke usimtukane, na mtoto usimguse hata kwa neno, jina hakujichagulia. Dai jambo moja tu: sehemu ya shamba ya wanao watatu itajwe mbele ya wazee hao, siku hiyo hiyo.

Mafunzo usiyaache hata siku moja. Kaseti mpya usiisikilize. Mpe Nthenya arekodi juu yake maneno yote ya Mwalimu Hasina, kwa sauti yake mwenyewe, na mwambie aanze na jina lako. Miezi saba mumeo alikufundisha kusikia maji, moto, mbuzi na watoto. Jina lako sikuliona popote.