Sitaifuta Video ya Bibi

Kalemie, tarehe 9 Februari 2025

Yaya Pélagie, dada yangu mkubwa,

Asubuhi ya leo mvua ilinyesha kidogo, na upepo wa ziwa ulikuwa baridi. Sisi ni wazima.

Ulichosikia ni kweli: Papa Numbi, baba yetu mdogo, amenikataza kukanyaga kwake. Nilipiga video ya Bibi akichanganya udongo na vigae vilivyotwangwa, ili chungu kisipasuke motoni, nikaituma kwa watu wengi kwa WhatsApp.

“Siri ya ukoo unaigawa kama karanga?” alinifokea. “Futa, ao mimi si papa yako tena!”

Sifuti. Mabinti zake wote wanapikia sufuria. Hakuna aliyewahi kugusa udongo. Siri hiyo ingerithiwa na nani, kaburi?

Jana mama mmoja aliyekimbia vita, anayekaa Katanika, alituletea chungu alichofinyanga kwa kufuata video. Bibi alikigonga kwa kidole, akasikiliza, akacheka.

“Mutoto huyu ametwanga vigae kwa uvivu! Leta simu, nimuonyeshe tena.”

Basi tumepiga ya pili. Nimemtumia Papa Numbi kabla ya wote.

Mdogo wako,
Chancelle

Saa tano usiku. Ninalala.